Bi Mwalimu Aliyetutembeza Pemba

Ukitaka kumuudhi Bi Mwalimu, ungemwambia kwamba Pemba hakuna cha kuona. Hakuwa mtu wa kupandisha sauti. Angevua miwani, akaifuta kwa ncha ya mtandio, akaivaa tena, kisha akakuuliza umefika wapi na wapi. Watu wengi wa Wete walioulizwa hivyo walitaja Mombasa, Tanga na Unguja, na waliojaaliwa zaidi walitaja Maskati. Aliwasikiliza mpaka wakamaliza, ndipo akasema kwamba yeye aliwauliza Pemba.

Hapo mtu alianza kukwama. Chake Chake amefika, kwa sababu ya hospitali. Mkoani amefika, kwa sababu ya meli. Zaidi ya hapo ni kwao alikozaliwa na kwa wakwe zake, basi. Mimi mwenyewe nilikuwa hivyo hivyo, ijapokuwa nilikuwa dereva na barabara ndiyo iliyonilisha. Nilizijua njia za kisiwa hiki kwa mashimo yake. Zinakokwenda zilikuwa habari za abiria.

Tulikaa naye mtaa mmoja, Jadida. Alikuwa amesomesha historia katika skuli moja ya mjini tangu miaka ya mwanzo baada ya Mapinduzi, na nusu ya mtaa ilipita mkononi mwake. Jina lake alilitumia dada yake tu, kila alipokuja kutoka Unguja kumtembelea. Sisi wengine tulimwita Bi Mwalimu, na watoto wengi walikua wakidhani ndilo jina alilopewa na wazee wake.

Nilianza kumjua vizuri siku niliyokuwa chini ya lori la mjomba wangu nikifunga springi. Lilikuwa lori la bodi ya mbao lenye mabenchi marefu, siku za kazi likibeba karafuu, saruji na abiria wa njia ya Konde, na Jumapili likilala. Kutoka chini nikaona buibui limesimama, na chini ya buibui raba nyeupe za mpira, zile wanazovaa watoto wa skuli siku ya michezo. Aliniuliza kama gari hii inafika Ras Mkumbuu. Nikamwambia haifiki, njia inakatika mbele ya Ndagoni.

"Inakatika kwa gari au kwa mtu?"

"Kwa gari, Mwalimu."

"Basi gari itufikishe hapo, na siye tutajifikisha kunakobakia."

Hivyo ndivyo nilivyoingia katika ziara zake, na sikutoka mpaka lori lenyewe lilipouzwa.

Ziara ile ya kwanza walikuja walimu wenzake wachache na wanawake wa mtaani, na vikapu vya mihogo na pweza. Tulitembea rasini juani, bahari kulia na bahari kushoto, mpaka wengine wakaanza kunitazama kama kwamba mimi ndiye niliyewashauri. Tulipofika kwenye magofu, Bi Mwalimu hakueleza kitu. Aliwaacha watu wavute pumzi, halafu akawauliza wanaona nini. Wakasema wanaona mawe. Akawaambia watazame tena. Mmoja akauona mihrabu ya kuelekea kibla ukutani, akasema kumbe hapa paliswaliwa. Mwingine akaona kisima. Mwingine akazunguka nyuma akayaona makaburi yenye nguzo ndefu, akawasalimia waliolala pale kama tunavyowasalimia wetu. Ndipo Bi Mwalimu akaanza kusema, taratibu, huku amekaa juu ya jiwe lisilo la jengo, maana juu ya mawe ya jengo hakumruhusu mtu kukaa. Aliwaambia kwamba watu hawa walivua, walilima, walioa na walikuwa na majirani wasiopatana nao, na kwamba asiwazie mtu kuwa walikuwa aina nyingine ya viumbe.

Alikuwa na mafungu mawili ya maneno, na hakuyachanganya. Fungu moja aliliita ya kuonekana, la pili ya kusimuliwa. Alipotupeleka Pujini, kwenye ngome ya mtawala mmoja wa kale, alitusimulia jinsi mtawala huyo alivyowabebesha watu mawe vichwani huku wakijikokota kwa makalio. Wanawake walishika vinywa. Lakini kabla hawajamaliza kusikitika akawaambia, hilo ni la kusimuliwa. La kuonekana ni hili handaki na huu ukuta. Mkiulizwa, semeni vyote viwili, na semeni kipi ni kipi.

Pale Pujini kuna kisima ambacho husimuliwa kwamba kilitiwa kizuizi kati ili wake wawili wa mtawala wateke maji bila ya kuonana. Katika ziara hiyo walikuwemo wake wenza wawili wa Jadida ambao mtaa mzima ulijua kuwa hawasemezani. Waliingia garini kila mmoja kwa upande wake, wakakaa kila mmoja kwenye benchi lake. Bi Mwalimu alipofika kwenye habari ya kizuizi, watu wote tulitazama chini. Yule mke mkubwa akasogea ukingoni, akachungulia, akasema kwamba mwanamme huyo alijisumbua bure, angemjengea kila mmoja kisima chake akastarehe. Mke mdogo akacheka. Alijaribu kujizuia akashindwa, na mkubwa akacheka kwa kumwona mwenziwe anacheka. Kurudi walikaa benchi moja. Sitasema kwamba walipatana kuanzia siku hiyo, kwani niliwasikia wakigombana mara nyingi baadaye. Lakini waligombana kwa kusemezana, na hilo kwa nyumba ile lilikuwa jambo kubwa.

Shida ya kwanza ya Bi Mwalimu ilikuwa waume. Waume wa mtaani hawakukataa kwa ubaya. Hawakuona tu sababu ya mwanamke kupanda lori kwenda kutazama msitu. Mwenye duka wa pale kona alikuwa mgumu kuliko wote. Mkewe alishatayarisha kikapu mara nyingi, na mara zote kikapu kilirudi jikoni. Asubuhi moja Bi Mwalimu aliniambia nizime gari. Akashuka, akaenda hadi barazani kwa yule bwana, akapiga hodi, akakaa. Sisi tulingoja juani. Waliulizana hali kwanza, hali za watoto, hali za biashara, hali za ndugu walioko kisiwani Fundo, na ilionekana kama kwamba amesahau alilokwendea. Mwisho nikamsikia akimwambia, kwa upole:

"Mkeo umemwoa Pemba, wazee wake wa Pemba, na wanawe wa Pemba. Ukimzuia asiijue, unataka awafunze nini hao watoto?"

Yule bwana alisema mambo ya jua, ya njia, ya maneno ya watu. Bi Mwalimu alikubali kila kimoja. Kisha akamwambia, ikiwa anachelea, aje yeye mwenyewe, benchi la nyuma lina nafasi. Sijui kama alitarajia. Lakini mwenye duka alifunga duka, akaja. Siku hiyo tulikwenda msitu wa Ngezi, na tulipoingia chini ya miti ile mikubwa ambapo mchana unageuka kama magharibi, na popo wakubwa wakaanza kujigeuza juu kwenye matawi, ni yeye aliyeshika mkono wa mkewe, si mkewe aliyeshika wake. Tulipotokea Vumawimbi, kwenye mchanga ule mweupe usio na mwisho, alivua viatu akatembea peke yake mbali, na aliporudi alimuuliza Bi Mwalimu ziara nyingine ni lini.

Watu wanaomkumbuka leo humfanya kama kwamba hakuwa na kasoro. Alikuwa nazo. Sifa kutoka kwake hazikutoka kirahisi. Miaka yote ile niliyomwendesha, neno jema kubwa aliloniambia juu ya udereva wangu ni kwamba tulifika. Mtu akichelewa alimwacha. Dada yake alikuja safari moja kutoka Unguja kwa ajili ya ziara tu, na hina yake ikachelewa kukauka. Bi Mwalimu akatazama saa, akaniambia twende. Nikamkumbusha kwamba ni dada yake. Akajibu kwamba waliomo garini nao ni dada za watu. Yule bibi alikaa kimya mpaka siku ya kupanda meli kurudi kwake.

Halafu alikuwa mwoga wa kupanda juu. Katika Kigomasha kuna mnara wa taa wa chuma wenye ngazi za kuzunguka, na juu yake mtu anaiona bahari ya pande zote na msitu wote. Aliwapandisha watu wote, wazee kwa vijana, akiwaambia wasipofika juu hawakufika Kigomasha. Yeye mwenyewe alibaki chini akishika nguzo ya ngazi, ati anaangalia viatu vya watu visipotee. Nilimuuliza siku moja kwa nini hapandi. Akanitazama, akaniambia kwamba yeye ni mwoga, na kwamba mtu mmoja kuwa mwoga si sababu ya wote kukaa chini. Alisema hivyo kama anavyosema mtu kwamba yeye hali nanasi.

Na halua. Aliwakataza watu kula ndani ya magofu, hata ganda la chungwa alilifuata mpaka aliokote. Lakini kikapuni mwake hakikukosekana kipande cha halua, na tukiwa tunarudi, watu wamelala kwa kuchoka, nilimwona kwa kioo akila kidogo kidogo ndani ya mtandio, kama mtoto aliyeiba. Sikumwambia kwamba kioo kinamwonesha.

Miaka ilipofika ya vyama vingi, lori lililojaa watu wa Wete likienda vijijini halikuwa tena lori la ziara machoni mwa kila mtu. Kisiwa kizima kilikuwa kimekaza roho. Ndugu wa tumbo moja walikuwa hawazikani. Tukasimamishwa njiani mara moja, tukasimamishwa tena, na mwisho Bi Mwalimu akaitwa katika ofisi moja aende kueleza anakusanya watu kwa kazi gani. Nilikwenda naye, kwa kuwa gari ilitajwa. Aliyetuuliza alikuwa kijana mwenye adabu, aliyempa kiti kabla ya kuanza. Aliuliza ziara hizi ni za chama gani. Bi Mwalimu akasema si za chama. Akaulizwa, sasa huko mnakokwenda mnakwenda kuonana na nani.

"Tunakwenda kuyaona makaburi," akasema. "Waliomo hawapigi kura."

Yule kijana aliinamisha uso, na mabega yake nikayaona yanatikisika. Lakini maagizo hayakuwa yake, na kibali hakikutolewa. Akatwambia tungoje hali itulie. Wengi tulidhani mambo yamekwisha. Yeye aligeuza tu namna. Ikiwa gari na watu wengi ni mkutano, basi watu wachache kwa miguu si mkutano. Kila Jumapili aliwachukua wawili watatu, akavaa raba zake, akawatembeza wanakofika kwa miguu: mashamba ya zamani ya karibu, mikoko, mtaro wa maji wa enzi za nyuma. Kibali kilipotoka baada ya muda mrefu, hakwenda kukisherehekea. Aliniletea habari nyumbani, akaniuliza kama springi zimefungwa.

Jambo ambalo mimi binafsi namkumbuka nalo zaidi lilitokea katika kijiji kimoja cha pwani ya magharibi, chenye makaburi ya kale juu ya kilima kinachotazama mikoko. Tulifika na watu wetu wa ziara tukakuta kaburi moja limebomolewa. Mawe yamepangwa kando, gari la ng'ombe linangoja, na wanaume wanapakia. Nguzo yake ilikuwa imelazwa chini, na pale ambapo zamani palipachikwa bakuli la kaure palibaki duara tupu.

Wanawake wa Jadida walimtazama Bi Mwalimu. Mimi nilijiandaa kwa ugomvi. Mzee mmoja aliyekuwa akisimamia akaja, akasalimia kwa heshima, akasema bila ya kujificha:

"Mwalimu, tunajenga chumba cha kusomea. Watoto wetu wanakaa chini, juu yao makuti yanayovuja. Hawa waliolala hapa hawana haja ya mawe."

Mtu aliyesomesha maisha yake yote angekwenda kuzuia darasa lisijengwe? Aliomba apelekwe akauone msingi wa hicho chumba. Tukashuka naye kijijini. Aliutazama msingi, akaingia kwenye lile banda la makuti, akakaa chini pale wanapokaa watoto, na buibui lake likaingia tope. Alipoinuka alimwomba sheha, kiongozi wa kijiji, awaite watu. Aliwaambia wanalolitaka ni haki yao, na kwamba yeye hana ubishi nalo. Ila anawaomba wasiguse kaburi jingine mpaka mwezi uandame. Yeye ataleta mawe. Akishindwa, atakuja mwenyewe kuwasaidia kubomoa.

Watu walicheka kwa neno hilo. Sheha hakucheka. Alikubali.

Njiani kurudi nilimuuliza mawe atayatoa wapi. Akasema hajui bado. Kesho yake alikwenda kwenye machimbo, akakaa na wachimbaji mpaka wakamruhusu kuchukua vipande wanavyoviacha kwa kuwa haviuziki vizuri. Jumapili iliyofuata watu walikuja na vikapu vyao vya chakula kama kawaida, wakidhani tunakwenda kutembea. Aliwaambia kwamba ziara ya leo ni ya kubeba. Anayetaka kushuka ashuke, hatamlaumu. Walishuka wachache. Mwenye duka hakushuka. Wake wenza hawakushuka.

Tulibeba Jumapili hiyo, tukabeba siku za kazi baada ya alasiri, tukabeba Ijumaa baada ya sala. Wanawake walijipanga mstari wakipokezana jiwe kwa jiwe kutoka machimboni hadi garini, na Bi Mwalimu katikati yao, viganja vimefungwa vitambaa kwa malengelenge. Mke mkubwa akasema, leo siye ndio tunaojenga Pujini, na mstari mzima ukacheka mpaka mawe yakasimama. Springi za lori zilikatika njiani na mjomba wangu alinikasirikia sana. Nilimwambia akamkasirikie Bi Mwalimu. Hakwenda.

Mwezi ulipoandama, mawe yaliyokuwa pale uwanjani yalitosha kupandisha kuta mpaka madirishani. Wanakijiji wenyewe walitafuta yaliyobakia, upande mwingine kabisa na kilima. Kaburi lililobomolewa walilijenga tena kadiri walivyokumbuka, na bakuli halikuonekana. Mawe yaliyokwisha kuzikwa kwenye msingi, baadhi ya watu walitaka yafukuliwe yarudishwe. Bi Mwalimu ndiye aliyekataa. Alisema yameshapata watoto wa kuwabeba, yaachwe. Na tangu siku hiyo, kila alipopeleka watu pale, alilionesha lile kaburi lililojengwa tena kwa chokaa mpya na kuwaambia kwamba lilivunjwa na watu wema waliokuwa na haja ya kweli. Hakutaka mtu aondoke na hadithi ya wabaya.

Mahoteli yalipoanza kujengwa huko kaskazini na wageni wa nje kuja, vijana wengi walitaka kazi ya kutembeza watalii. Walikuja barazani kwake jioni kujifunza, na aliwafunza kama alivyotufunza sisi. Mgeni, aliwaambia, akusalimie kwanza kabla hajakuuliza, na asiposalimia msalimie weye, atajifunza. Aliwakataza kumpa mgeni anachotaka kusikia. Baadhi yao wamefika mbali sasa. Ukiwasikia wanasema "hili ni la kusimuliwa", utamjua aliyewasomesha.

Lori liliuzwa mjomba alipofariki. Mimi nikaacha udereva, nikarudi kijijini kwetu, kwenye bonde lililo kando ya njia ya Konde, kwenye eka tatu alizopewa baba yangu baada ya Mapinduzi. Baba alikuja Pemba kijana kutoka Bara kuchuma karafuu, na hakurudi tena. Na Bi Mwalimu tukawa tunaonana mara moja moja, Wete, siku ya marikiti.

Ulikuwa mwaka wa karafuu, miti imezaa sana. Mke wangu na mimi tulikuwa tumeanika kwenye sakafu, ile sakafu kubwa ya chokaa ya tangu enzi za wenye mashamba, ambayo jirani zetu wote huitumia kwa zamu. Asubuhi bodaboda ikasimama, na akashuka Bi Mwalimu. Alikuwa amepungua sana, ametegemea fimbo, lakini raba zilikuwa nyeupe. Tulimkaribisha, tukaulizana hali. Alipokwisha kunywa maji akasema kwamba amekuja kuiona sakafu, kwa sababu alizaliwa karibu nayo. Shamba hili lilikuwa la babu yake.

Sikuwa nikijua. Tuliokaa naye miaka yote tulijua kwamba ni wa watu waliokuwa na mashamba, lakini shamba lipi, hilo halikuulizwa Pemba, na yeye hakulisema. Siku hizo kulikuwa na maneno kwamba wenyewe wa zamani wanaanza kurudi kuulizia mashamba yao. Nikamwona mke wangu ameacha kugeuza karafuu. Yeye si mtu wa kuzungukazunguka.

"Mwalimu," akasema, "umekuja kulitaka shamba?"

"La, mwanangu. Nimekuja kuliona. Kulitaka ni kazi nyingine, na mie sina haja nayo."

Akanigeukia mimi, akaniomba nimtembeze. Nimwambie ninayoyajua juu ya mahali hapa, kama anavyoambiwa mgeni. Nikaanza kwa kumwonesha mikarafuu mikongwe na njia ya mtoni. Nilikuwa nikichagua maneno, na aliona ninachagua.

"Usinipunguzie," akasema.

Basi sikumpunguzia. Nilimwambia aliyonisimulia baba: kwamba waliojenga sakafu hii walibeba chokaa kutoka pwani kwa mabega, na babu yake akisimama kivulini akiwahimiza. Kwamba wachumaji hawakuruhusiwa kuteka kwenye kisima cha nyumbani, walishuka wakanywa mtoni pamoja na ng'ombe. Kwamba mwaka mmoja rafiki wa baba alianguka kutoka juu ya mkarafuu, akazikwa kabla ya adhuhuri, na alasiri watu wakarudishwa mitini. Alisimama akisikiliza na mikono yote miwili juu ya fimbo. Nilipomaliza aliuliza huyo aliyeanguka aliitwa nani. Nikamtajia jina, kwa sababu baba alihakikisha tunalijua. Akalirudia kwa sauti ndogo. Akauliza kaburi lake lipo. Nikamshusha polepole mpaka chini ya mfenesi, penye mawe mawili tu, la kichwani na la miguuni. Alisoma Fatiha, nami nikasoma.

Kisha yeye akanisimulia yake. Nyumba ilikuwa pale penye migomba yetu. Mama yake alimfunza kusoma juu ya sakafu, kwa mkaa, na walipoifuta kwa maji babu alikasirika. Siku waliyoondoka, baada ya Mapinduzi, walitoka na mafurushi, na wakiwa wameshafika njiani mama yake alikumbuka kwamba kuku wamefungwa bandani. Watu wote walimkataza. Alirudi peke yake akawafungulia, akawakuta tena wenziwe njiani, na hakulia mpaka walipofika mjini.

Nikamwambia kwamba kuku hao nawajua. Baba alitusimulia kwamba walipogaiwa eka walikuta kuku wamezagaa shamba zima wanataga kila kichaka, na sisi watoto tulikula mayai yao, na wao wenyewe, kwa miaka. Bi Mwalimu alinitazama, halafu akacheka. Alicheka mpaka akashika mkono wangu asianguke. Akasema mama yake angefurahi sana kulisikia hilo.

Tulikuwa bado tunapanda kurudi pale mke wangu alipotuita. Wingu lilikuwa limeshuka nyuma ya kilima na upepo umebadilika. Anayejua karafuu anajua kwamba ikinyeshewa nusu kavu imeharibika. Tukakimbia, na kutoka vibanda vya jirani wakakimbia wengine, na sakafu nzima ikajaa watu wanaokusanya na kutia magunia. Nilipogeuka nikamwona Bi Mwalimu ameweka fimbo chini, amepiga magoti, anazoa karafuu kwa viganja vyote viwili kuzitia ndani ya mtandio wake, na anazimimina kwenye gunia alilolishika mke wangu. Mke wangu akamwambia apumzike, asijichoshe. Akaendelea kuzoa. Tulizianua zote. Gunia la mwisho lilipoingia ndani, mvua ilipiga sakafu tupu.

Alikaa nasi mpaka ikatulia, akanywa chai, akaagiza bodaboda yake. Akiwa ameshapanda aliniambia kwamba watu waletwe na hapa pia, na kwamba mimi ndiye nitakayesema. Nikamwambia mimi ni dereva, Mwalimu, sijui kusomesha, sitajua hata pa kuanzia.

"Anza na yule aliyeanguka," akasema, na akamgusa kijana wa bodaboda begani waende.

Alifariki kabla ya msimu uliofuata. Wa kwanza kuja walikuwa watoto wa skuli ya kijijini kwetu pamoja na mwalimu wao. Walikaa kwenye sakafu wakanitazama, na mimi nikasimama mbele yao, nikalitaja lile jina la aliyeanguka.